Kabla hujaing'oa PA: jinsi ya kupunguza chaji inayoliwa na netiweki kwenye simu

Simu ikiwa flaiti modi chaji inakaa kutwa, ukiitoa flaiti modi na kuanza kuongea inaporomoka na mgongo unachemka upande mmoja. Ukiona hivyo achana na habari za kioo na app, hapo anayekula ni upande wa kurusha mawimbi, na mlaji mkubwa ni PA, yani pawa amplifaya, kile kichipu cha mraba kinachokaa chini ya bati karibu na swichi ya antena. Kazi yake ni kuchukua mawimbi madogo kutoka chipu ya redio na kuyapa nguvu ya kufika mnarani. Mafundi wengi wakishajua ni PA wanawasha blowa ya hewa ya moto waing'oe. Mi nawaomba wenzangu blowa ije mwisho kabisa, mana mara nyingi kwenye shida hii PA ni nzima, inateswa tu na kitu kilichoko mbele yake au nyuma yake. Ni kama pampu ya kisima inayosukuma maji kwenye bomba linalovuja, pampu inazunguka kutwa, tenki halijai, umeme unaisha, alafu mtu anaenda kununua pampu mpya.

Mwongozo huu ni wa fundi mwenye multimita, pawa saplai ya kusoma ampea, na subira. Mwenye vifaa zaidi nimemwekea sehemu yake pia.

Namba za kukaa nazo kichwani

Kwenye 2G simu inaruhusiwa kurusha hadi wati 2 kwenye bendi ya megahezi 900 na wati 1 kwenye 1800. Hairushi mfululizo, kila milisekunde 4.615 inapewa nafasi moja kati ya nane, kama mikrosekunde 577 hivi, inarusha alafu inanyamaza. Ule mlio wa drrr-drrr unaousikia kwenye redio au spika simu inapotaka kuita ndo PA yenyewe inawaka na kuzima karibu mara 217 kwa sekunde. Kwenye 4G nguvu ya juu ya simu za kawaida ni 23 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi), sawa na miliwati 200, yani moja ya kumi ya ile ya 2G.

Sasa mtu atauliza, kama 4G inarusha kidogo hivyo mbona bado inakula? Sababu ni aina ya mawimbi. Mawimbi ya 2G ya maongezi kimo chake hakibadilikibadiliki, kwaiyo PA inaweza kusukumwa mpaka dari na karibu nusu ya umeme wa betri ikatoka kama mawimbi, nusu nyingine ikawa joto. Ya 4G yanapanda na kushuka muda wote, na ukiyakata vichwa data inaharibika na unasumbua bendi za jirani, kwaiyo PA inaachiwa nafasi juu ambayo haitumiki. Kwenye nguvu ya juu kabisa PA ya 4G inaweza kufika asilimia 35 au 40, ila ukishusha nguvu na volti ya PA ikabaki ileile, ufanisi unashuka vibaya sana, ukirusha miliwati 1 unaweza kuwa unatoa asilimia 1 tu na 99 zote ni moto. Hili tutalirudia kwenye hatua ya volti mana ndo mafundi wanaloliharibu bila kujua.

Namba nyingine ni desibeli, kipimo cha mawimbi yamepungua au kuongezeka mara ngapi. Ukipoteza desibeli 1 kati ya PA na antena umepoteza kama asilimia 21 ya mawimbi, na ili mnara usikie vilevile PA lazima iongeze asilimia 26. Ukipoteza 3 umepoteza nusu. Mnara ndo unaoiamuru simu ipandishe au ishushe, hauna habari na kutu ya konekta yako, ukisikia mawimbi hafifu unasema ongeza, na bili inaenda kwa betri.

Hatua ya 1: pima mawimbi kabla hujafungua kitu

Kwenye Android nyingi piga *#*#4636#*#* uingie kwenye taarifa za simu, Samsung nyingi zinakubali *#0011#, iPhone ni *3001#12345#*. Tafuta namba ya dBm. Kwenye 2G ukiona kama -70 uko vizuri, -100 ni mbali. Kwenye 4G namba inayoitwa RSRP ikiwa -80 au -85 ni nzuri, ikishuka chini ya -110 simu inahangaika na PA iko karibu na dari.

Chukua simu nyingine nzima, ikiwezekana modeli ileile, weka laini ileile, simama palepale, bendi ileile, andika namba zote mbili. Tofauti ya 2 au 3 isikutishe, mawimbi yanacheza. Tofauti ya 10 na kuendelea ikibaki hivyo kila ukirudia basi njia ya antena ya simu ya mteja ina shida na hujagusa hata skrubu.

Ila kuna mtego hapa nataka uusome taratibu. Simu nyingi za 4G zina antena mbili za kupokea au zaidi, ile kuu na ya msaada. Kupokea inatumia zote, kurusha kwa kawaida inatumia moja kwa wakati. Kwaiyo antena kuu inaweza kuwa imekufa kabisa na bado ukasoma -85 nzuri tu kwa sababu antena ya msaada iko nzima inapokea, vijiti vya netiweki vimejaa, mteja anashangaa mbona netiweki full lakini picha za wasapu haziendi na simu ya moto. Vijiti vinakwambia simu inasikia nini, havisemi inasikika vipi mnarani. Ukiwa na mashaka ilazimishe 2G peke yake kwenye menyu ileile ya 4636, mana kwenye simu nyingi 2G inategemea antena kuu, alafu linganisha tena na ile simu nzima. Tofauti ikitokea kubwa kwenye 2G tu wakati 4G zinalingana, nenda moja kwa moja kwenye antena kuu.

Kama simu ni ya mtumba kutoka Marekani angalia na bendi zake pia. Huku Afrika Mashariki 4G kwenye 800 na 1800 zinatumika sana, na simu iliyotengenezwa kwa ajili ya kampuni za kule inaweza isiwe na filta wala PA ya 800. Itang'ang'ania mnara wa mbali kwenye bendi inayoijua hata kama wa karibu upo, na hilo hulitibu kwa risasi ya kuchomelea, mwambie mteja ukweli.

Hatua ya 2: pima ampea

Toa betri, weka pawa saplai volti 3.8 au 4, kikomo cha ampea 3 mana PA inavuta kwa mishtuko na kikomo cha 1 kitazima simu utadhani ni shoti. Tumia waya nene na fupi. Kwenye simu zinazokataa kuwaka bila betri tumia adapta ya kiunganishi cha betri cha modeli hiyo.

Soma vitu vitatu: flaiti modi kioo kimezima, flaiti modi kioo kimewaka mwanga uleule utakaotumia baadaye, alafu ukiwa unaongea kwenye 2G. Ya kwanza ikishatulia inatakiwa ishuke mpaka miliampea chache. Ya pili toa kwenye ya tatu, unachobaki nacho ndo gharama ya netiweki.

Ukiwa unapima ongea mfululizo, hesabu moja mpaka mia kwa sauti. Ukinyamaza simu nyingi zinaacha kurusha ili kuokoa chaji na utasoma namba ya uongo. Alafu usipimie chini ya mnara, ukiwa karibu mnara unaishusha simu mpaka miliwati chache na hata PA mbovu itaonekana nzuri. Pimia chumba cha ndani ambako unasoma karibu -95 au -100.

Tutegemee nini? Fanya hesabu mwenyewe. Wati 2 kwenye antena, tuseme kuna desibeli 1 inayoliwa na swichi na filta, kwaiyo PA inatoa wati 2.5. Ufanisi nusu, inavuta wati 5. Gawa kwa volti 3.8 unapata ampea 1.3 wakati wa kurusha, lakini inarusha moja ya nane ya muda, kwaiyo mita yako itasoma wastani wa miliampea 165 hivi. Ongeza kidogo ya chipu ya redio na prosesa, uko kwenye 200 na kitu. Ukisoma 350, 400, na bati la PA linachoma kidole, kuna kitu kinavujisha na unaanza kukitafuta. Ukisoma 80 tu wakati mawimbi ni -100, PA hairushi inavyotakiwa au mnara umeikubali kwenye nguvu ndogo, hapo rudia sehemu nyingine kabla hujahukumu.

Hatua ya 3: betri na njia yake

Wengi wanaruka hapa. PA ya 2G ikivuta ampea 1.5 kwa mshtuko kwenye betri yenye ukinzani wa ndani wa omu 0.3, volti inazama 0.45 papo hapo. Betri iliyosoma 3.6 PA inaiona 3.15. Ndo mana simu inazima katikati ya maongezi ikiwa na asilimia 20, na ndo mana betri inapata moto bila kuchajiwa.

Kipimo chake rahisi: soma volti ya betri haina mzigo, alafu weka rizista ya omu 4 ya wati 5 kwa sekunde mbili tatu usome tena. Inavuta karibu ampea 1, kwaiyo volti iliyozama ni kama ukinzani wenyewe. Ikizama 0.1 au 0.15 betri haina neno. Ikizama 0.3 badilisha betri kwanza, usiendelee na kitu kingine, mana vipimo vyote vitakavyofuata vitakudanganya.

Safisha konekta ya betri kwa spiriti safi na brashi. Alafu angalia kapasita kubwa zilizo kwenye laini ya betri karibu na PA. Hizi ndo zinazobeba mshtuko wa kwanza wa ampea kabla betri haijaitika. Kuna tabia ya fundi kukuta kapasita ina shoti, anaing'oa, simu inawaka, anafunga anasema imepona. Simu imewaka kweli lakini PA imebaki haina akiba karibu, volti inatetereka kila inaporusha na wakati mwingine mteja anasikia mngurumo kwenye spika ya sikio. Ukiing'oa rudisha nyingine yenye thamani ileile na volti ileile, za kutoa kwenye bodi mbovu zipo tele.

Hatua ya 4: njia ya antena, hapa ndo kwenye kazi

Kama una muda wa kushughulika na hatua moja tu, iwe hii. Fuata njia kwa macho: PA, filta, swichi ya antena, kile kikonekta kidogo cha duara cha kupimia kiwandani, kile kiwaya chembamba cheusi au cheupe kinachopita pembeni mwa betri, bodi ya chaji ya chini, visprinji vyake, alafu antena yenyewe ambayo iko kwenye kava la ndani au ni fremu ya chuma ya simu. Kila kiungo hapo kinakula kidogo kikiwa kizima na kinakula sana kikiwa kichafu.

Anza na kiwaya. Simu iliyowahi kubadilishwa kioo au betri mara nyingi unakuta kichwa kimoja hakijabofya vizuri, kimekaa tu juu. Kitoe, angalia ile pete kama imepanuka, kibane kidogo, kirudishe mpaka ukisikie kimeingia. Pima kwa multimita katikati kwa katikati iwe chini ya omu 1, na katikati kwa ganda isipige kelele. Ila ujue kipimo hiki cha multimita kinatumia umeme wa moja kwa moja (DC) tu, kiwaya kilichokunjwa kona kali au kubanwa na skrubu kitapiga kelele vizuri kabisa kwenye mita huku mawimbi ya 1800 yakifia ndani yake. Ukikiona kina alama ya kubanwa kibadilishe, bei yake ni ndogo kuliko muda wako.

Kosa jingine la multimita: unagusa kisprinji cha antena na gandi, yani upande hasi wa bodi, inapiga kelele, unasema antena ina shoti. Hapana. Antena nyingi za ndani ya simu zimetengenezwa ziwe zimeshika gandi sehemu moja kwa makusudi, kwa umeme wa betri ni shoti, kwa mawimbi sio shoti. Linganisha na simu nzima ya modeli hiyo kabla hujaanza kukata kitu.

Visprinji visafishe kwa spiriti na kifutio cha penseli laini, vinyanyue taratibu ili vibonyee kwenye dhahabu ya kava. Simu za pwani hizi, Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, chumvi ya hewa inazila visprinji vinakuwa vya kijani, na kijani hicho kinatosha kula desibeli moja au mbili peke yake.

Skrubu. Mteja au fundi aliyetangulia amepoteza mbili akaona sio shida. Baadhi ya skrubu ndo zinaunganisha gandi ya bodi na fremu, na antena haifanyi kazi peke yake, inasukumana na gandi. Ukikosa skrubu ya pembeni ya antena umebadilisha antena bila kuigusa. Zirudishe zote, urefu uleule.

Kile kikonekta cha duara cha kupimia kina swichi ndani, kiwandani wakiingiza pini yao njia ya antena inakatika na mawimbi yanaenda kwenye mashine. Maji yakiingia swichi hiyo inaweza kuganda ikiwa wazi, na hapo PA inarusha kwenye ukuta. Pima upande kwa upande, ikiwa wazi safisha, ikikataa weka nyingine kutoka bodi mbovu, au kama huna ruka kwa kipande kifupi kabisa cha waya, milimita moja au mbili, usiweke waya mrefu wa kuzunguka.

Bodi ya chaji ya bei rahisi nayo ni mshukiwa mkubwa. Chaji inapita, maiki inafanya kazi, mteja anaondoka na furaha, baada ya wiki analalamika netiweki. Mstari wa mawimbi kwenye bodi unatakiwa uwe na upana na umbali maalum toka gandi ili uwe na ukinzani wa omu 50 kwa mawimbi, na bodi nyingine za kuiga hazina hata vikapasita na vikoili vya kulinganisha antena, nafasi zake zimeachwa tupu. Weka ya zamani na mpya pembeni kwa pembeni chini ya mwanga, hesabu vipengele karibu na sehemu ya antena. Kama vimepungua hamisha vya zamani au tafuta bodi nyingine.

Kwa nini omu 50 ni habari kubwa? PA ya 2G ili itoe wati 2 kwenye volti 3.5 inatakiwa ione mzigo wa kama omu 3 tu, kwaiyo ndani yake kuna vikoili na vikapasita vya kugeuza 50 kuwa 3. Antena ikitoka kwenye 50, PA nayo inaona kitu kingine, pengine omu 6 na inashindwa kufika nguvu, pengine 1.5 na inavuta ampea nyingi mawimbi yaleyale. Ndo mana antena mbovu haipotezi tu mawimbi yanayorudi, inaharibu na ufanisi wa PA yenyewe, hasara mbili kwa mpigo.

Mwenye NanoVNA, kile kifaa kidogo cha kupimia antena, ile ya V2 inayofika gigahezi 3, chomelea kiwaya kifupi kwenye mguu wa antena ukiwa umeukata na PA, fanya kalibresheni mwisho wa kiwaya hicho, funga simu na kava lake, alafu soma. Antena ya simu ikiwa -6 desibeli au chini zaidi kwenye bendi yake inakubalika, hapo inarudisha kama robo ya mawimbi. Ukiona -3, nusu inarudi, endelea kutafuta.

Hatua ya 5: volti ya PA

Simu za kisasa hazimpi PA volti ya betri moja kwa moja, kuna chipu na koili inayoshusha volti kufuatana na nguvu inayotakiwa, ukiwa karibu na mnara inampa volti 1 au chini, ukiwa mbali inapanda. Mfano wa hesabu: PA inavuta miliampea 100 kurusha miliwati 10. Kwa volti 3.4 hiyo ni miliwati 340. Kwa volti 1 ni 100. Kazi ileile, umeme theluthi.

Sasa koili hiyo ikipasuka au chipu ikifa, kuna mafundi wanaruka waya kutoka laini ya betri moja kwa moja mpaka PA. Netiweki inarudi, na hapo ndo shida inaponiuma, mana simu imepona kwa macho lakini umempa mteja PA inayokula volti kamili saa zote hata akiwa amekaa chini ya mnara, na joto hilo litaiua PA yenyewe. Badilisha koili au chipu. Koili pima, iwe sehemu ya omu tu, na uiangalie kwa lenzi mana ufa wake ni mwembamba sana. Ukiwa kwenye saplai, sogea karibu na mnara na mbali uone kama volti kwenye mguu wa PA inabadilika. Ikikaa palepale kwenye 3 na kitu popote unapoenda, chipu ya kushusha haishushi.

Simu za bei ya juu zimeenda mbali zaidi, volti inafuata kila mpando na mshuko wa mawimbi yenyewe, mamilioni ya mara kwa sekunde. Samsung Galaxy Note 3 ya 2013 ilikuwa kati ya za mwanzo kutoka na mfumo huo, kwa chipu ya Qualcomm. Kwa simu za hivi kumbuka kitu kimoja kinyume na nilichosema hatua ya 3: kwenye laini ya betri unataka kapasita kubwa, kwenye hii laini inayocheza kati ya chipu ya volti na PA kapasita ni ndogo sana kwa makusudi. Ukikuta imeng'oka ukaweka kubwa ukidhani unasaidia, umeiua kasi ya volti, mawimbi yanachafuka na PA inapata moto. Angalia ramani ya bodi, weka thamani yake hasa, kama huijui usiweke ya kubahatisha.

Hatua ya 6: kalibresheni, usiifute

Kila simu kiwandani inapimwa PA yake na kuandikiwa jedwali lake: ukitaka nguvu hii, mpe amri hii na volti hii. Jedwali liko ndani ya bodi hiyo na ni la bodi hiyo peke yake. Kwenye simu za chipu ya MTK (MediaTek) linakaa kwenye sehemu za memori zinazoitwa nvram na nvdata, Qualcomm ni modemst1, modemst2 na fsg, Samsung watu wanaijua kama EFS.

Fundi akifleshi MTK, yani akipakia programu upya, kwa kufomati yote, IMEI (namba ya utambulisho wa simu) inapotea na hilo wote wanalijua, wasilolijua ni kuwa jedwali la PA nalo limeondoka. Anarudisha IMEI kwa tulu, netiweki inashika, kumbe simu inarusha kwa namba za kukisia. Ukipokea simu ambayo chaji ilianza kuisha baada ya kufleshiwa, mshukiwa wa kwanza ndo huyu. Kwaiyo soma na hifadhi sehemu hizo kabla hujafleshi chochote, chagua kudanlodi bila kufomati, na usichukue nvram ya simu nyingine ukaipandikiza, jedwali lake ni la PA nyingine, na IMEI itakayokuja nayo ni ya mtu mwingine. Kuchezea IMEI Tanzania ni kosa chini ya sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya 2010.

Hatua ya 7: sasa PA

Ukishafika hapa na kila kitu kiko sawa ndo unaruhusiwa kuishuku. Dalili za PA iliyokufa: iko moto hata simu ikiwa flaiti modi, simu imelala na saplai inasoma 40 au 60 badala ya miliampea chache, au laini yake ina shoti na gandi. Fukiza moshi wa rozini juu ya bodi uache utando mweupe, pale utando unapoyeyuka kwanza ndo penye joto.

Weka chipu yenye namba ileile mpaka herufi ya mwisho, mana prosesa inaongea nayo kwa amri na ikikuta kitambulisho kingine inaweza kukataa bendi nzima. Chini ya PA kuna pedi kubwa ya gandi, hiyo ndo njia ya joto kutoka. Ikikaa na mapovu ya hewa PA mpya itachemka kuliko ya zamani, kwaiyo pasha bodi kwanza kutoka chini, weka risasi nyembamba sawasawa, fluksi nzuri, acha ikae yenyewe usiibonyeze. Bati la juu lirudi na pasta yake ya joto. PA mpya itakuwa inatumia jedwali la ile ya zamani, tofauti ndogo itakuwepo, ya kuisawazisha kabisa inahitaji mashine ya kupimia simu kama CMW500 ya Rohde & Schwarz.

Ya mteja mwenyewe

Kava la chuma na vile vibati vya sumaku vya kushikia simu kwenye gari atoe kama vimekaa juu ya antena. Laini ya pili isiyo na netiweki anakoishi aizime, mana inatafuta mnara usiku kucha. 5G ikiwa ya kijiti kimoja aiweke 4G, kwa sababu 5G nyingi inarusha pamoja na 4G, yani PA mbili kwa wakati mmoja. Nyumbani kwenye waifai aitumie.

Ukishafunga simu, kava limekaa, skrubu zote, rudi chumba kilekile, laini ileile, pima tena dBm za 2G na 4G na uandike kwenye daftari pembeni ya zile za mwanzo, mana ampea hutazipata tena ukishafunga, kwaiyo chukua ampea za mwisho kabla kava la nyuma halijagandishwa. Kama gharama ya netiweki imeshuka lakini dBm za 2G bado ziko 10 chini ya simu nzima, usimkabidhi mteja bado, rudi hatua ya 4 uanze na visprinji upya.